Uyoga wa Ng'ombe za Baba

Bukavu, 9 Mei 1976

Yaya Placide,

Kaka yangu, kifurushi chako kimefika, na harufu ilifika mbele yake. Dereva Gaston alikitua mlangoni akasema, "Citoyenne, mwambie kaka yako atume siagi kama watu wengine." Maman Agnès, mwenye nyumba, ameapa kwamba chupa moja ikivunjika chumbani mwake, mimi na mavi yangu tutaenda kulala sokoni Kadutu. Cheka tu, wewe uliye na hewa yote ya mlima.

Sasa sikia kazi inavyokwenda, maana nusu yake ni yako. Kila kipande cha mavi ninakiweka ndani ya chupa ya konfitiri, yaani jamu: chini karatasi yenye maji, juu kifuniko cha kioo, kisha karibu na dirisha. Halafu nangoja. Wiki ya kwanza vinatoka vijiuyoga vidogo kabisa, vyembamba kama uzi, vyenye kichwa cheusi. Prof Ignace, anayeniongoza katika memwari ya kumaliza masomo, anaviita Pilobolus. Vinapenda mwanga. Vinarusha vichwa vyao kuelekea dirishani mpaka kioo kinajaa nukta nyeusi. Lakini hivyo vinataka mavi mabichi tu, yaliyookotwa siku ile ile nyuma ya ng'ombe. Baadaye vinakuja visahani vya njano, na mwisho ndio uyoga wa mwavuli unaouona wewe huko malishoni. Kila mmoja na zamu yake, hawasukumani. Prof anasema hakuna aliyeandika bado juu ya malisho yetu ya juu, na mimi nitaandika, nipate diplome, nifundishe.

Jumapili iliyopita nilikuwa kijijini Miti kwa tonton Marcellin, baba yake Eulalie. Unajua desturi ya kwao: baba wa binti hapandi mlimani kukagua ng'ombe za watu, ni aibu. Dada wa mwanamume ndiye anayekuja kuwasema, yaani kuwataja na hali zao, mmoja mmoja kwa jina. Nimewasema: Malkia, Bihogo, Madamu, Sabuni. Mzee alifumba macho akanisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Amesema ukiwashusha baada ya Noeli, Eulalie ni wako. Eulalie mwenyewe alipita na sahani ya viazi, akachelewa sana kuitua.

Kwa hiyo kila barua uniletee habari za kila ng'ombe. Mimi ndiye ninayeweka neno huko Miti, nalo ni neno lako.

Kwenye bahasha nimeandika Citoyen Mushagalusa Bisimwa, maana Gaston hataki matatizo na askari njiani juu ya majina ya ubatizo yaliyokatazwa na serikali. Humu ndani wewe ni Placide.

Mdogo wako,
Emérence


Mulimani juu ya Sange, tarehe 6 mwezi ya sita 1976

Mudogo yangu Emérence,

Salamu mingi. Nilishuka Sange siku ya soko, njo nilipata barua yako kwa Gaston. Nilianza kuisoma palepale, nikaendelea kuisoma mu njia ya kupanda, mupaka nikajikwaa nikapasua goti. Ni kosa yako.

Huku hakuna mutu wa kuongea naye. Jirani ya karibu iko kilima ya pili, na yeye anaongea juu ya mvua tu. Tangu marehemu baba alileta ngombe huku, sababu mashamba ya chai ilimaliza majani ya Kabare, nilifikiri nitazoea. Sijazoea. Asubuhi ukungu inaingia mu nyumba bila kubisha hodi. Sasa ninaisalimia kabisa: karibu, ikala, habari ya usiku. Usimwambie mutu.

Juu ya mavi ya Malkia niliona uyoga ya kijivu, kichwa sawa kengele ya kanisa, mugulu murefu na nyembamba sana. Asubuhi iko imesimama, saa sita imelala. Nimekufungia tatu mu majani makavu. Chini kabisa niliweka na mavi ya mbuzi ya jirani, ucheke kidogo.

Habari ya ngombe njo hii. Malkia iko na mimba, anatembea sawa bibi ya chef ya kijiji. Madamu anachagua majani, hii anataka, hii hataki. Sabuni alianguka mu matope, leo jina yake ni uongo. Bihogo anakohoa kidogo, ni baridi tu.

Unasema Eulalie alichelewa kutua sahani. Alichelewa namna gani? Alikuangalia ao aliangalia chini? Alivaa nini? Wewe unajua kueleza uyoga isiyoonekana na macho, na Eulalie unamupa mustari moja! Uongeze. Huku barua njo mutu wangu.

Kaka yako,
Placide


Bukavu, 8 Agosti 1976

Yaya,

Kumbe nawe wajua kudai. Haya: alivaa kitenge cha buluu, aliangalia chini, na alipotua sahani aliuliza kwa sauti ndogo kabisa, "Kule juu kuna baridi?" Baba yake akakohoa. Ndiyo hayo tu, lakini kwa msichana wa nyumba ile hiyo ni hotuba.

Uyoga wako wa kengele ni Panaeolus. Prof aliushika kwa vidole viwili kama mtoto mchanga. Na mavi ya mbuzi nimeyaweka chupani, kwa heshima yako.

Mwezi uliopita hukuandika. Gaston anasema hukuonekana sokoni Sange. Nimekwenda Miti mikono mitupu, nikawaambia yale ya mwezi wa sita kana kwamba ni mapya. Tonton Marcellin aliuliza juu ya kikohozi cha Bihogo. Nikasema amepona. Amepona, sivyo? Usiniache tena hivi na chupa tupu.

Wako,
Emérence


Mulimani, tarehe 5 mwezi ya tisa 1976

Mudogo yangu,

Bihogo alipona. Madamu na Sabuni iko muzuri. Sikushuka sokoni sababu ya goti.

Malkia alizaa! Ni ndama ya kike, mwekundu, masikio kubwa kupita kichwa. Nimemuita Asante. Uwaambie Miti.

Nakutumia mavi. Uniambie kitu moja: ikikauka, inafaa bado kwa kazi yako? Ukiitunza mu nyumba, mvua isiiguse, inaweza kukaa miezi ngapi?

Baridi iko. Umuambie yeye aliyeuliza.

Placide


Bukavu, 17 Oktoba 1976

Yaya Placide,

Kwanza furaha, halafu nitakugombeza.

Miti walishangilia ndama kama amezaliwa mtu. Tonton Marcellin alileta kasiksi yake, ile pombe ya ndizi anayoificha, akaita majirani, akanilazimisha niseme masikio ya Asante mara ya pili na ya tatu. Eulalie alicheka waziwazi. Nimemweleza habari ya baridi. Akaingia ndani, sikumwona tena.

Sasa magomvi. Vifurushi vyako viwili vya mwezi wa tisa havina kitu! Nimeweka mavi chupani, nimengoja wiki ya kwanza, hakuna. Hakuna uzi, hakuna kichwa cheusi, kioo ni safi kabisa unaweza kujitazama na kuchana nywele. Moja kwa moja unatoka uyoga wa mwisho, ule unaopenda mavi yaliyolala siku nyingi. Prof Ignace akafurahi, akaniambia, "Andika kwamba Pilobolus haiishi kwenye malisho ya juu, hiyo ni habari mpya." Habari mpya gani, na mwezi wa tano vilijaa chupa zote? Sitaandika uongo katika memwari yangu kwa ajili ya uvivu wako. Unaokota mavi ya zamani, yale yaliyo karibu na mlango, ili usitembee kwenye umande.

Amka asubuhi, mfuate Malkia, okota nyuma yake. Ni kazi ngumu hiyo?

Emérence


Mulimani, tarehe 31 mwezi ya kumi 1976

Mudogo,

Unisamehe. Unasema kweli, nilikuwa mvivu.

Hii niliokota chini ya jiwe ile Madamu anapenda kulala, pakavu. Uangalie muzuri, labda vile vidogo vyako vitatoka. Ukitaka ya Sabuni, iko, nimeitunza. Asante ananyonya vizuri.

Usikasirike. Ukinikasirikia, nani atabaki?

Placide


Bukavu, 21 Novemba 1976

Yaya wangu,

Kioo ni safi.

Nimezipanga chupa zote mezani, za Mei upande huu, za sasa upande ule, na daftari zangu katikati. Mavi ya kila kifurushi tangu mwezi wa tisa ni ya zamani kuliko ya kile kilichokitangulia. Mtu hawezi kuokota mavi yanayozidi kuzeeka kama ng'ombe wanatembea mbele yake kila asubuhi. Uyoga haujui habari za Miti, hauna sababu ya kunidanganya.

Tena kuna jambo lingine. Hujanitumia mavi ya ndama hata mara moja. Wewe uliyenitumia hata ya mbuzi wa jirani ili nicheke tu.

Leo sikwenda Miti. Nimetuma neno kwamba naumwa. Siwezi kukaa mbele ya yule mzee aliyefumba macho na kusema majina manne mpaka wewe uniambie. Sikuulizi kwa ajili ya memwari, iharibike ikitaka. Nakuuliza kwa sababu nimesoma barua zako zote tena na zinazidi kuwa fupi.

Yaya, ng'ombe za baba ziko wapi?

Emérence


Mulimani, tarehe 5 mwezi ya kumi na mbili 1976

Emérence,

Haziko.

Bihogo njo alianza, mwezi ya saba. Ile haikuwa baridi. Alikohoa, akaacha kula, akaanguka. Kisha Sabuni, kisha Madamu. Malkia alikufa mwisho, na mimba yake ndani. Jirani alinisaidia kuzika. Siku hiyo hakusema juu ya mvua.

Asante hakuna. Nilimutunga sababu uliandika kama muzee anasikiliza sawa redio, na nilisema nitamupa kitu cha kusikiliza. Nilipokwisha kumutunga nilimupenda. Masikio yake nilikuwa naiona.

Utauliza kwa nini sikushuka. Nishuke na nini? Mbele ya watu wa Miti mimi ni ile mifugo, hakuna kingine. Kila asubuhi natoka na fimbo yangu, nazunguka malisho, naokota mavi yao ile imebaki, naianika mu nyumba karibu na moto. Nilijisemea: ngombe ya baba imekwisha, lakini binti yake atapata diplome, na ngombe itakuwa ilisaidia mupaka mwisho. Kisha uliniandikia nifuate Malkia. Nilienda kusimama pahali tulimuzika, nikalia sawa mutoto.

Sasa na mavi imekwisha, mvua ilibeba. Uende Miti, useme ukweli. Usiseme nagonjwa, usiseme ni uchawi ya mutu. Sema zilikufa, na Placide alificha.

Kaka yako


Bukavu, 19 Desemba 1976

Yaya, yaya wangu,

Nakuomba msamaha kwa neno lile la uvivu, nitalijutia mpaka nizeeke. Lakini nifute machozi nikuambie, kwa maana nina habari njema!

Leo nimekwenda Miti. Nimesema yote nikiwa nimesimama, sikutaka kiti. Tonton Marcellin alifumbua macho. Akavua kofia, akaniomba niseme majina tena, na kila mmoja alikufaje. Nikasema. Asante nikamwacha mwisho, nikasema huyo hakuwapo. Hapo mzee alitikisa kichwa muda mrefu, kama aliyefiwa na huyo zaidi ya wengine.

Nilingoja matusi. Hakutukana! Akasema: "Mwambie Placide ninamtumia mtamba wangu wa kahawia. Amchunge kule juu. Maziwa atakunywa, na ndama wa pili atakuwa wake. Mtu hawezi kukaa mlimani na fimbo bila kitu mbele yake." Nikamshika mikono yote miwili, nikamrukia kama mtoto. Yaya, amekupa ng'ombe! Ataanza kuzaa, utakuwa na kundi tena, na harusi itangoja mwaka mmoja au miwili, basi. Mama Colette, mke wake, aliangalia chini, nadhani kwa huruma. Eulalie alitoka nje palepale. Nadhani alikwenda kulia kwa furaha.

Mzee anangoja jibu lako, ndiyo au hapana. Jibu upesi ndiyo, Gaston atambeba mtamba mpaka Sange. Memwari nimeikabidhi. Nimeandika kwamba kuanzia mwezi wa tisa malisho hayakuwa na mifugo. Prof ameniuliza nimejuaje. Nimemwambia uyoga ndio ulioniambia.

Noeli njema, kaka yangu wa pekee.
Emérence


Mulimani, tarehe 2 mwezi ya kwanza 1977

Mudogo yangu,

Nafurahi juu ya memwari. Kweli kabisa nafurahi, na nilienda mupaka kilima ya pili kumwambia jirani.

Uko na masomo mingi, lakini baba alikufa mbele ya kukufundisha hii moja. Mutu akikupa ngombe yake ya kuchunga, unakuwa mutu wake. Akijenga, unaenda kubeba miti. Akifiwa, unakuja wa kwanza. Ni jambo nzuri, watu mingi wanaishi nayo, si aibu. Lakini mutu hawezi kuomba binti ya nyumba anayoichungia. Utatoa mahari gani? Utamurudishia muzee ngombe yake mwenyewe, ao ndama ya ngombe yake? Watu watacheka mupaka Kavumu.

Muzee alisema hapana, Emérence. Alisema na heshima kubwa, mbele ya dada yangu, bila kunifukuza, na alinipa chakula. Ni mutu muzuri. Mama Colette aliangalia chini sababu alielewa. Eulalie hakulia kwa furaha.

Usijipige kifua. Neno ungesema wewe ao mwingine, ingekuwa ile ile.

Nimefikiri siku hizi zote. Nikikataa, namutukana muzee, na Eulalie atabaki anangoja mutu bila kitu mupaka atazeeka jikoni kwa mama yake. Nikikubali, Eulalie iko huru. Na mimi, sitakudanganya tena: siwezi tena kusalimia ukungu. Nataka kitu chenye kupumua mu nyumba.

Umuambie muzee ndiyo. Umuambie Placide anamushukuru, anapiga makofi mara tatu namna mutu anapigia bwana wake. Yeye ataelewa.

Placide


Mulimani, tarehe 20 mwezi ya pili 1977

Mudogo,

Mutamba alifika. Ni muzuri sana, kahawia, na alama nyeupe mu uso. Niliposhika kamba niligeuza uso, mutu ya muzee aliyemuleta akajifanya hakuona.

Lakini hataki kula. Anasimama pahali moja, anaangalia chini upande ya Sange, tangu asubuhi mupaka jioni. Naita, hageuki. Nimejaribu majina yote ya ngombe ya baba. Mutu ya muzee aliniambia kule Miti haikuwa wachungaji walikuwa wanamuita jioni. Ilikuwa Eulalie, na mutamba anasikia sauti yake tu.

Uulize anaitwa namna gani. Usiseme ni mimi nauliza. Naogopa atakufa na yeye.

Placide


Miti, 6 Machi 1977

Placide,

Emérence aliniuliza mtamba anaitwa namna gani, hakusema ni nani anayeuliza. Yule dada yako hajui kuficha kitu. Nilimwambia nitaandika mwenyewe.

Jina lake Tulia. Usipige kelele kama wachungaji wanavyofanya. Simama upande wake wa kushoto, useme "Tulia, Tulia", kama unasema na mtu mliyezoeana jikoni. Akigeuza sikio, usimkimbilie. Mpe chumvi mkononi, si chini. Radi ikipiga anaogopa, ukae naye mpaka iishe. Siku za kwanza usimpige asipokula, hana kiburi, ni kwamba amezoea watu.

Mimi naolewa baada ya Pasaka, na Edouard wa Kavumu. Ni mtu mwema, ana ng'ombe, dada yake amekuja kuzisema.

Nimekukasirikia, Placide, na hasira hii sioni itakwisha lini. Miezi ile yote ulituma habari za ng'ombe kwa baba. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya mlango na sahani mkononi, nasikiliza Malkia amekula nini, Sabuni ameanguka wapi, nangoja Emérence aseme mara moja tu: Placide anauliza kama utakuja. Ningekuja. Mwezi wa saba, walipoanza kufa, ningepanda huko kwa miguu bila ng'ombe hata mmoja, na baba angekasirika mpaka achoke. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu, niliuliza juu ya baridi nijue nibebe nini. Lakini mimi hukuniuliza. Baba alikuuliza wewe, na ukamjibu ndiyo.

Sasa mimi ni binti wa bwana wako. Ukinikuta njiani utashuka pembeni nipite, na itabidi nipite.

Mwite mtamba jioni, si asubuhi. Usinijibu.

Eulalie